Mlezi wa Kupe

Mtu wa kwanza kunifukuza kazini kabla hata sijaianza kazi alikuwa Bi Daktari. Niliitwa kutengeneza kabati la joto katika chumba cha nyuma cha kituo kimoja cha mifugo, nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba. Nikafika na mkoba wangu wa zana, nikausukuma mlango, nikaingia kama fundi yeyote anavyoingia. Alikuwa ameinama mezani, kanipa mgongo. Hakugeuka. Alisema, "Toka." Nikadhani anamwambia mtu mwingine, nikasimama. "Toka, ukaoshe mikono mpaka viwikoni, uvue viatu, uvae lile koti pale msumarini, kisha upige hodi." Nilitoka nimenuna. Nikaosha, nikavua, nikavaa, nikapiga hodi, naye akaitikia kwa sauti tamu, "Karibu mwanangu, vyereje?" kama vile ndio kwanza ananiona.

Habari za ukoo wake wako wanaozijua kuliko mimi, na wako wanaopenda kuzisimulia. Mimi nilimjua kwa sababu ya lile kabati. Mimi ni fundi wa mafriji, na kwangu friji na kabati la joto ni ndugu wa baba mmoja: moja linatoa joto, jingine linatia. Kabati lake lilikuwa la zamani na lenye ukaidi, kila baada ya muda linaharibika, nami naitwa. Kwa hiyo kwa miaka mingi nilikaa sakafuni katika chumba kile, bisibisi mkononi, nikimsikiliza. Mpaka leo nasema nilikuwa na bahati.

Kazi yake, kwa maneno yangu mimi nisiyeisomea, ilikuwa kulea seli za kupe. Alimtafuta kupe jike aliyeshiba damu, akamweka ndani ya kichupa kilichozibwa kwa pamba mpaka atage. Mayai yakikaribia kuanguliwa aliyaosha kwa dawa, akayaponda taratibu, akayatia katika kichupa chenye maji ya rangi ya rozela iliyozimuliwa, maji yenye chakula ndani yake. Akakifunga kichupa akakiweka kwenye kabati. Baada ya hapo ni kungoja. Vile vijipande vya uhai vilivyotoka ndani ya yai vikiridhika, hushika na kuanza kuzaana, polepole mno, kwa miezi. Visiporidhika hufa, na mara nyingi haviridhiki.

Nilimuuliza siku za mwanzo kwa nini mtu mzima aliyesoma ajitese na mdudu anayechukiwa na kila mwenye ng'ombe. Alinieleza bila kuniona mjinga. Huku kwetu homa ya ndigana kali ndiyo inayomaliza ndama, na kupe ndiye anayeitoa kwa huyu akampelekea yule. Wanaotafuta chanjo wanataka kujua kile kijidudu cha ndigana kinafanya nini kikiwa ndani ya kupe, na kupe mwenyewe ana udhaifu gani. Zamani ilibidi upate ng'ombe wa kuumwa na kupe wa kumng'ata. Lakini ukiwa na seli za kupe ndani ya kichupa, unayatazama mambo hayo mezani pako.

"Mwizi hatazamwi sokoni," aliniambia. "Sokoni kila ntu ni mwema. Ntizame kwao."

Lakini ukimwita mtengenezaji wa chanjo alikukatiza hapo hapo. Alisema yeye ni mlezi tu, na wenye kutengeneza wako mbali sana mbele yake.

Watu wa Jadida, mtaa aliokaa, walikuwa hawamwachi. "Wenzio tunawaua, weye unawalea," bibi mmoja alimwambia dukani tulipokuwa tunangoja mkate wa boflo. "Na wako wa nguoni ushawatafuta?" akajibu Bi Daktari. Duka zima likacheka, na yule bibi naye akacheka huku mkono wake ukipapasa buibui bila ya yeye mwenyewe kujijua.

Alikuwa na subira na seli, na hana subira na kitu kingine chochote duniani. Angeweza kungoja kichupa kimoja tangu masika mpaka masika, lakini hakuweza kumngoja mchuuzi wa samaki wa kutoka Tumbe ashuke kwenye baiskeli yake. Alikwisha kulifunua pakacha na kuchagua changu wake kabla mguu wa yule bwana haujagusa chini. Chai aliinywa ya moto inayochemka, akiipuliza kwa hasira kama aliyekosewa. Nikimuuliza habari za seli zake kila nikija, aliniambia, "Ntoto hakui kwa kutizamwa." Mwenyewe alizitazama kila siku.

Ukiingia chumbani mwake ukazisifu zile seli bila kusema mashaallah, alikurudisha nyuma mpaka useme. Nilimcheka siku moja. Nikamwambia, daktari mzima unaogopa jicho? "Jicho siliogopi," akasema. "Naogopa pumzi zako. Ntu akishasema mashaallah hufunga ndomo." Nilitafakari nikaona ni kweli, na tangu hapo nilisema mashaallah nikafunga mdomo.

Jambo lililonichekesha zaidi ni kuwa alikuwa hawaamini ng'ombe. Kupe alimshika kwa vidole vyake, lakini ng'ombe alimzunguka kwa mbali, hata akiwa amefungwa. Kwa kuwa nilikuwa na pikipiki, mara nyingine nilimpeleka mashambani kutafuta kupe, na tukifika zizini alikuwa akisema, "Fundi, tangulia." Mimi, fundi wa mafriji, nikawa wa kushika pembe. Yeye hutokeza kichwa nyuma ya bega langu na kunielekeza niangalie sikio lipi.

Hata hivyo yuko ndama mmoja wa Mgogoni ambaye sijamsahau. Tulikwenda kwa ajili ya kupe, tukamkuta mkulima na mkewe wamemkalisha ndama wao chini ya paa la makuti, mitoki imemvimba chini ya masikio, anahema kwa shida na povu linamtoka puani. Ndigana ilikuwa imeshafika mbali. Bi Daktari hakuniambia nitangulie. Alikaa kwenye samadi na buibui lake safi, akakipakata kile kichwa mapajani, akakaa hivyo mpaka ndama akakata roho. Yule mke wa mkulima alilia, na Bi Daktari alilia naye waziwazi. Njiani kurudi aliongea mara moja tu, nyuma ya sikio langu, akasema ndama yule hakuwa na haja ya kufa.

Siku hiyo ndiyo niliyofahamu hasa anataka nini. Katika kabati lake zilikuwamo seli za kupe zilizotoka nchi za mbali, alizoletewa na wenzake, na zilistawi vizuri. Alizilisha na kuzisafisha bila mapenzi mengi. Alichokitaka ni seli za kupe wa hapa. "Wanajaribu dawa zao kwa kupe wa wenzetu," aliniambia. "Huyu wetu hajaulizwa kitu na ntu." Alikuwa ameshapanda mayai ya kupe wa Pemba mara nyingi, na kila mara yalikufa. Kustaafu kulikuwa kunamkaribia. Alijua kwamba akiondoka bila ya seli hizo kushika, hakuna atakayeanza upya, na kile chumba kitatiwa magunia ya chumvi ya mifugo. Alinitajia hayo magunia zaidi ya mara moja, na kila mara kwa chuki, kama adui anayemjua kwa jina.

Kupe aliyetuokoa alitoka kwa fahali aliyeitwa Mtakuja. Ulikuwa mchezo wa ng'ombe, uwanja umejaa, akina mama wanaimba, vijana wanamkejeli fahali kwa nguo na kumkimbia. Bi Daktari alimwendea mwenye fahali kabla ya mchezo, akamwomba kwa adabu amwangalie Mtakuja masikioni. Yule bwana alimtazama juu mpaka chini. "Nani kakutuma?" aliuliza. Maana nani asiyejua kuwa fahali hutengenezwa kwa dawa za mganga kabla ya kuingia uwanjani, na mkono wa mgeni siku hiyo ni hatari? Bi Daktari alimjibu kuwa ametumwa na serikali. Jibu hilo lilizidisha shaka. Tukafukuzwa mpaka nyuma kabisa ya watu.

Hakuondoka. Alikaa mchezo wote kajitanda buibui kichwani kwa jua, haangalii vijana wala haangalii fahali, anaangalia masikio tu. Mtakuja alicheza vizuri sana siku hiyo, alimrarua kijana mmoja suruali, na mwenye fahali akatoka uwanjani roho kunjufu, anapongezwa na kila mtu. Hapo ndipo Bi Daktari alipomwendea tena. "Sasa ntizameni mtakavyo," alisema yule bwana, "kashamaliza kazi." Nikatangulia, kama kawaida yetu. Ndani ya sikio la kushoto alikuwamo kupe mmoja aliyenenepa kama punje ya kunde. Bi Daktari alimtia katika kibweta cha kiberiti, akakishika mkononi njia yote mpaka Wete, na mimi alinikataza kupita kwenye mashimo.

Mayai ya kupe huyo yalishika. Sikuambiwa, niliona tu siku moja nimekwenda kubadilisha feni ya kabati, nikamkuta anaimba kaswida kwa sauti ya puani. Aliponiona akanyamaza. "Zimeanza," akasema. Nikasema mashaallah, nikafunga mdomo. Baada ya muda kile kichupa kimoja kikawa viwili, viwili vikawa safu nzima, na kila kimoja alikibandika karatasi aliyoandika neno moja tu, Pemba.

Sasa niseme ubaya wake, maana picha ya mtu isiyo na kivuli si picha. Bi Daktari alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa zile seli. Ukimsifia embe zake unakwenda nazo. Friji yake ya nyumbani niliitengeneza mara nyingi, na kila mara nilitoka na chakula kingi kuliko kilichobaki ndani. Lakini wenzake wa bara na wa nchi za nje wakamwandikia, wakamwomba kichupa kimoja, nao kwa desturi ya kazi hiyo hupeana, kwa sababu za mmoja zikifa huomba kwa mwenzake. Yeye aliwajibu kuwa bado changa. Mwaka ukapita, bado changa. Alikuwapo binti mmoja wa bara, mwanafunzi wake, aliyewahi kuja Wete kujifunza kwake kwa miezi na kupanga chumba kwa mjane aliyekuwa jirani wa kituo. Huyo alimpenda kama mwanawe. Naye aliomba, kwa heshima zote, akanyimwa.

Sababu yake alinieleza. Zamani, angali kijana, akifanya kazi katika maabara ya watu huko mbali, alilea seli mpaka zikashika, mkubwa wake akazigawa kote, na leo wanaozitumia hawajui kuwa aliyezilea alitoka Pemba. "Mimi nsahaulike, si neno," alisema. "Lakini hawa watakwenda huko wapewe jina jingine." Nilimwambia kutoa ni moyo. Akaniambia nifunge skurubu zangu.

Kilichokivunja kizuizi hicho ni sanduku. Yule mwanafunzi alimpelekea kutoka bara dawa za kulishia seli, zimetiwa barafu ndani ya sanduku la maabara yao, na sanduku ilibidi lirudi. Nilikuwapo Bi Daktari alipolisafisha na kulifuta. Alilifunga, akalifungua. Akatia halua ya Wete, akafunga. Akafungua tena. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kila mtoto wa Pemba analijua hilo kabla hajajua kusoma, na nilimwona Bi Daktari anapigana na jambo hilo waziwazi. Halua katika sanduku la maabara alihisi haitoshi. Kilicholetwa ni chakula cha seli. Mwisho alikwenda kabatini, akatoa kichupa kimoja cha Pemba, akakikaza kifuniko, akakizungushia pamba na kukiweka pembeni ya halua.

"Usintizame," aliniambia.

Nikatazama feni.

Miezi ikapita, ukaja msimu wa karafuu, na msimu ule ulikuwa mkubwa. Kila palipo tambarare paliwekwa jamvi la kuanikia. Uwanja wa mbele ya kituo aliuchukua yule mjane, karafuu zake zimetandaa pale nyekundu na kahawia, na harufu yake imejaa mpaka ndani ya chumba chetu. Na huku kwetu mvua ikikuta karafuu majamvini, mtu haulizi za nani. Unaacha ulilonalo unakimbia. Nimewahi kumwona bwana harusi anakimbia na joho lake, mkononi ungo.

Siku hiyo Bi Daktari alikuwa analisha seli. Kanuni yake mwenyewe, aliyonifundisha hata mimi, ni kwamba kila safu ya vichupa iwe na chupa yake ya chakula, na chupa ikishafunguliwa haiachwi. Lakini shehena ya bara ilikuwa imechelewa na chupa iliyobaki ilikuwa moja. Ndio kwanza ameifungua ngurumo ikapiga, tukamsikia mjane anaita. Bi Daktari aliweka kifuniko juu ya chupa bila kukikaza, akatoka mbio na koti lake jeupe, mimi nyuma yake, na karani, na mlinzi, na wapita njia wawili. Tulizoa karafuu kwa mikono, kwa nyungo, kwa kanga, tukazitia magunia na kuyaburura barazani, vumbi na maganda yanaturukia machoni, tunacheka. Zilizolowa ni chache mno. Mjane alituombea dua sote mmoja mmoja. Kisha Bi Daktari akarudi ndani, akaosha mikono mpaka viwikoni, akaendelea kulisha, kwa chupa ile ile na koti lile lile. Lake lilikuwa moja tu.

Wiki ile ile maji ya rozela yakaanza kuwa kama ya ukungu, kisha zikaonekana nyuzi nyeupe ndani ya vichupa. Kuvu. Vyote, za kuletewa na za kwetu. Alinionyesha kimoja akikiinua dirishani. Uso wake sikuweza kuutazama kwa muda mrefu. Alivichemsha vyote mwenyewe.

Mjane alipopata habari alikuja na wanawake wengine watatu, wakakaa naye mkekani kama wanavyokaa kwa mfiwa. "Bora zingelowa hizo karafuu, Bi Daktari," alisema, machozi yanamtoka.

"Usiseme hivyo," Bi Daktari alimjibu. "Mvua ikija karafuu huanuliwa. Ningalikaa ndani nkutizame unahangaika peke yako, ningalikuwa ntu gani?"

Mimi nikamwambia lililokuwa wazi: kuna kichupa bara. Akanijibu kuwa mtu haombi alichokitoa. Nikamwambia hii si sahani ya pilau. Akasema ni mbaya zaidi, kwa sababu yule binti aliomba kwa heshima akanyimwa. Leo aende yeye kuomba? Na tena huenda kile kichupa kilishakufa siku nyingi, akimuuliza atamtia aibu mtoto wa watu. Alikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa kiburi kimevaa buibui. Nilimpenda sana, lakini wiki hizo alinikera. Kila siku alikuja kazini, akafagia chumba kisicho na kitu, akakaa. Nilipotaka kulizima kabati ili angalau lipumzike alinikataza. Likaendelea kutia joto tupu.

Idi ilipofika nilikwenda kwake Jadida kumpa mkono. Tuko kwenye tambi na kaimati simu ikalia, ni yule mwanafunzi. Bi Daktari alikuwa hasikii vizuri simu sikioni, akaiweka kwa sauti juu ya meza. Salamu zikenda, zikarudi, wa huko wote wakaulizwa. Kisha binti akasema, "Bi Daktari, zile seli zako zimenishinda. Zimejaa, kabati halina nafasi, wakubwa wangu wanataka nizipunguze. Naona uchungu kuzimwaga. Nikuletee chache?"

Bi Daktari alinitazama. Mimi niliitazama tambi.

"Sijui kama nna nafasi," alisema.

"Hata kidogo tu, Bi Daktari. Unisaidie."

"Haya, lete," akasema. "Tutazibana."

Nilimpokea mimi yule binti aliposhuka melini, kalipakata sanduku kama mtoto. Tulipofika kituoni nilikuwa na wasiwasi kuliko wote wawili. Bi Daktari akafungua kabati. Lilikuwa tupu kabisa, safu zote, linatoa joto lake zuri. Nikakohoa. Binti akapiga magoti, akavipanga vichupa vyake kimoja kimoja kwenye safu ya kati, akasema, "Alhamdulillahi, nafasi kidogo ipo." Bi Daktari alikwenda kuchemsha chai, na akakaa huko jikoni muda mrefu kuliko chai inavyohitaji.

Basi seli zikaendelea, na mlezi wake akastaafu, na yule binti akaomba mwenyewe kuhamia Wete kushika nafasi yake. Amepanga chumba kile kile kwa mjane. Kipemba chake kinachekesha soko zima, lakini hamna aliyemwambia aache. Magunia ya chumvi hayajaingia.

Mwezi uliopita Bi Daktari alinipigia, akaniambia nimpeleke kituoni. Macho yake sasa yana mtoto wa jicho, anangoja kutazamwa na daktari wake, na pikipiki haiwezi tena; nilimkodia gari. Tuliosha mikono, tukavua viatu, akapiga hodi kwenye chumba chake mwenyewe. Binti alituambia kuna maabara nyingi zinazoomba seli za Pemba, na vichupa alikuwa ameshavitayarisha, vimepangwa mezani. Hakuvipeleka. Alikuwa anangoja ruhusa. "Mkuu wa chumba ni mimi," alisema, "lakini mwenyewe ni wewe."

Bi Daktari akaniita. "Fundi, tizama kwenye hadubini unambie unaona n'ni. Huyu atanambia la kunfurahisha."

Miaka yote ile sikuwahi kutazama. Niliinama nikafumba jicho moja. Nikamwambia naona viduara vingi, vimekaa mafungu mafungu, vingine peke yake, vimeng'aa pembeni. Akauliza kama kuna nyuzi. Nikasema hakuna nyuzi, maji ni safi. Akavuta kiti akakaa akimwelekea yule binti.

"Kuna jambo sikukwambia," alisema. "Siku ile ulonletea, hapa hapakuwa na kitu. Zangu zilikufa zote. Nilikwambia nafasi sijui kama nnayo, na kabati zima lilikuwa tupu. Weye ndiye uloziokoa, nami sijakushukuru."

Binti alikuwa anakaza vifuniko. Aliviacha.

"Nilijua, Bi Daktari."

"Ulijua ulipoliona kabati."

"Nilijua kabla ya kupiga simu. Hazikuwa zimejaa. Nilikuwa na vichupa vichache tu, na hakuna mkubwa aliyeniambia nizipunguze. Nilikuletea zaidi ya nusu."

Niliona Bi Daktari anatafuta uso wa yule binti kwa macho yake yasiyoona vizuri. "Nani kakwambia?"

"Mwenye karafuu. Alinipigia wiki ile ile zilipokufa. Akaniambia, Bi Daktari hataomba, ntafutie njia. Na akaniapisha nisimtaje mpaka useme mwenyewe."

Nilidhani atakasirika. Alikaa, mikono mapajani, na nje tulimsikia mjane mwenyewe anawafukuza kuku barazani kwake. "Kumbe nliombewa," alisema mwisho, taratibu sana. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Kisha akamwambia binti afunge vichupa vyote, awapelekee wote walioomba, na hata wasioomba akiona wanahitaji.

Akaninyooshea mkono. "Nshike, Fundi. Nvukishe hapo kwa mwenye karafuu."

Nikamuuliza anakwenda kumwambia nini.

"Sina la kumwambia," alisema, anatafuta viatu vyake kwa mguu. "Nakwenda kukaa naye."